Mambo Mema Matatu: kuliongoza zoezi hili mtandaoni kwa wanajeshi wastaafu wenye kiwewe

Mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake wa Marekani walilijaribu zoezi hili, la kuandika kila usiku mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu zake, kwa njia ya intaneti na kutoa matokeo mwaka 2005. Walioandika kwa wiki moja walipungukiwa na huzuni, na nafuu ilionekana hata miezi sita baadaye. Lakini hao walikuwa watu wa kawaida. Kwa mwanajeshi mstaafu lazima lirekebishwe, tena liende sambamba na matibabu ya kiwewe, lisichukue nafasi yake.

Kabla ya kuunda kundi, zungumza na kila mmoja kwa simu, faraghani. Anayewaza kujiua, au anayelewa kila usiku ili apate usingizi, aonane na daktari kwanza. Andika namba ya ndugu yake na mahali anapoishi. Siku ya hatari huwezi kumtumia msaada mtu usiyejua aliko. Watu sita hadi wanane wanatosha.

Saa moja kabla ya kulala, kwa dakika kumi, kila mmoja aandike daftarini mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo, na chini ya kila jambo, sababu yake. Wengi huruka sababu, na hapo ndipo zoezi linapokufa. "Nimelala mchana" haitoshi. "Nimelala kwa sababu nilizima simu" inamwonyesha kwamba mkono wake umo, naye kiwewe kimemzoesha kuamini kuwa hana uwezo juu ya yanayomkuta.

Ganzi ya hisia ni dalili ya kiwewe, kwa hiyo usimwulize kama alifurahi. Uliza alifanya nini. Siku ngumu jambo moja latosha. Jihadhari pia na hatia: akiandika "niko hai", huwakumbuka wenzake ambao hawakurudi. Basi jambo liwe dogo, la leo. Kumlazimisha atafute wema ndani ya vita ni ukatili, hata ukiuita tiba.

Daftari libaki lake. Yote yakimwagwa kwenye WhatsApp, yanageuka mashindano. Video za mapigano zipigwe marufuku tangu siku ya kwanza.

Baada ya wiki, punguzeni hadi mara mbili kwa wiki, maana la kila siku huchosha. Pima kwa PCL-5, dodoso la kupima ukali wa dalili za kiwewe, lenye maswali 20 na alama 0 hadi 80, mwanzoni na kila mwezi. Alama zikipanda kwa 10 au zaidi, simamisha zoezi na umwarifu mtaalamu anayemtibu siku hiyohiyo.