Chanjo ya mdondo ikishindwa, kagua Gumboro

Mdondo (kideri cha kuku) ukiingia bandani wiki chache baada ya kuchanja, wafugaji wengi wa Tanga hulaumu chanjo. Pengine ni kweli: chupa imetoka mjini hadi Muheza kwa bodaboda bila barafu. Ila kama ilitunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, shuku Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya kuku.

Kirusi hiki hushambulia kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja, mahali zinapokomaa chembe zinazotengeneza kingamwili. Kifaranga wa wiki 3 hadi 6 huugua waziwazi: hujikunyata, huharisha nyeupe, vifo hupanda siku chache kisha hushuka. Wa kuogopwa zaidi ni aliyeambukizwa kabla ya wiki 3. Haonyeshi dalili, anakula vizuri, kumbe kifuko kimekwisha kuharibika. Huyo ukimchanja mdondo hapati kinga ya kutosha, na virusi ambavyo kuku mwenye afya angevimaliza mapema hukaa naye muda mrefu, akiwamwagia wenzake. Antibiotiki haziui kirusi. Hapo ni kupoteza fedha tu.

Ratiba iliyozoeleka ni mdondo siku ya 7, Gumboro ya 14, mdondo ya 21, Gumboro ya 28, kisha mdondo kila miezi 3. Usiiwahishe ya Gumboro, maana kingamwili alizorithi kifaranga kwa mama huiua chanjo.

Chanjo hizi hunyweshwa kwenye maji, na makosa mengi hutokea hapo. Chanja alfajiri, kabla joto la pwani halijapanda, baada ya kuwanyima maji saa 1 hadi 2. Maji ya bomba yana klorini inayoua chanjo. Tumia ya kisima safi, weka gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, ndipo utie chanjo. Yaishe ndani ya saa 2. Ongeza vyombo, la sivyo wanyonge hawafikii.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye mahindi ya chakula, nayo hushusha kinga, na kupika hakuiondoi. Wakati wa masika, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yaanike tena.

Maranda ya kundi lililougua yatoe yote, osha banda kwa sabuni, ndipo upulize dawa, kwani juu ya kinyesi dawa haifanyi kazi. Liache tupu angalau wiki 2. Kirusi cha Gumboro huishi bandani kwa miezi.

Vifo vikianza, mpelekee daktari wa mifugo mizoga ya siku hiyohiyo, ikiwa kwenye barafu. Mwanzoni kifuko huvimba. Ukichelewa wiki nzima atakikuta kimesinyaa.