Somo: Kununua Cessna 172 ya zamani yenye injini iliyokaribia kuisha saa

Wakuu, salaam. Cessna 172 (ndege ndogo za injini moja, viti vinne) za miaka ya 1960 na 1970 zinazouzwa bei poa karibu zote zina kasoro moja: injini ina saa 1,800 za kufanya kazi, au 1,950, au imeshavuka 2,000, yaani imekaribia au kupita muda wa ovahoo (kufunguliwa yote na kukarabatiwa upya). Wengi hukimbia hapo. Mimi sikimbii, ila injini hiyo naihesabu sifuri. Bei ikiingia akilini hata baada ya kuitoa injini kwenye hesabu, twende. Isipoingia, tuachane nayo.

Hatua ya 1: Jua ni injini gani

172 za mwanzo, 1956 hadi 1967, zina Continental O-300 ya silinda 6, nguvu za farasi 145. Modeli ya 1968 ikaletewa Lycoming O-320 ya silinda 4, farasi 150. Lycoming wanashauri O-320 ifanyiwe ovahoo kila saa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia. Wauzaji hutaja saa. Kwenye miaka wananyamaza. 172N, iliyoanza 1977, ina O-320-H2AD ya farasi 160, iliyopata sifa mbaya kwa kemshafti (shafti inayoendesha vali) na tapeti (vipande vinavyosukumwa nayo) kulika. Inanunulika, ila usiilipie bei ya dada zake.

Halafu angalia neno "top" (top ovahoo) kwenye tangazo. Hapo zimeguswa silinda tu, sehemu ya chini haikufunguliwa. Saa hazianzi upya.

Hatua ya 2: Logibuku (daftari la kumbukumbu za ndege) kwanza, ndege baadaye

Hapa ndipo pesa inapookolewa, kwa hiyo kaa chini usome ukurasa kwa ukurasa. Usitafute saa ngapi tu. Tafuta zilirushwa lini. Injini yenye saa 1,900 iliyoruka kila wiki naiamini kuliko yenye saa 600 iliyolala hanga miaka minane. Kwenye Lycoming hizi kemshafti iko juu ya kranki (shafti kuu inayozungusha propela). Ndege ikisimama muda mrefu, oili yote inashuka chini, unyevu unabaki juu na kemshafti inashika kutu. Siku ikiwashwa, ile kutu inageuka msasa kwa tapeti. Kwa nje huoni kitu, na injini inanguruma vizuri tu.

Miaka isiyo na maandishi, uliza. Tacho (mita inayohesabu mizunguko na saa za injini) iliyobadilishwa, hakikisha saa za ile ya zamani zimejumlishwa. Ukikuta "propela imebadilishwa" bila sababu, simama hapohapo: propela ikigonga ardhi, Lycoming wanataka injini ifunguliwe ikaguliwe. Kama hakuna ukurasa unaosema ilifunguliwa, muuzaji aeleze.

Hatua ya 3: Peleka fundi wako

Wa kwako, siyo anayeihudumia ndege hiyo. Apime kompresheni injini ikiwa ya moto. Unaingiza hewa ya mgandamizo wa paundi 80 kwa inchi ya mraba, unasoma silinda imeshika ngapi. 74 ni safi. Chini ya 60 ni tatizo. Na silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 10 nayo inahitaji maelezo. Ila namba peke yake haitoshi. Sikiliza hewa inatokea wapi. Ikitokea kwenye ekzosi, vali ya ekzosi inavuja, na hilo ndilo baya zaidi. Aingize kamera ndogo kwenye tundu la plagi, aone kama vali imebadilika rangi upande mmoja. Ikitokea kwenye kabureta, ni vali ya kuingiza. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi, na hizo wakati mwingine hujirekebisha ndege ikirudi kuruka.

Filta ya oili ikatwe, karatasi ifunuliwe mikunjo yote. Pitisha sumaku. Chembe za chuma zikinasa, mazungumzo ya bei yameanza upya.

Hatua ya 4: Bodi

Ndege iliyoishi Zanzibar, Tanga au Mombasa, tafuta kutu ndani ya mabawa na kwenye nyaya za usukani. Reli za viti pia: viti vya Cessna hizi viliwahi kuteleza nyuma wakati wa kupaa, ndiyo maana kuna agizo la lazima la ukaguzi wake.

Hatua ya 5: Irushe

Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000. Wilson, Nairobi, futi kama 5,500, farasi 150 wanabaki 125 hivi, na hapo injini ni nzima. Pima oili kabla na baada. Ikila nusu lita kwa saa, imegusa kikomo.

MASWALI YA WADAU

*Mdau wa Mwanza: Mkuu, nimepata yenye saa 2,150, ya shule ya urubani, kompresheni 74. Itazima kesho?*

Hapana. Hizo ruka za kila siku zimeitunza. Lakini usisome mambo ya Marekani ukadhani ni ya kwetu. Kule mmiliki binafsi anaruhusiwa kuendelea kupita saa 2,000 kama hali ya injini ni nzuri. Wewe kabla ya kulipa, pata jibu la TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kwa maandishi.

*Mdau aliyeko Muscat: Kuna moja Florida, saa 400 tu tangu ovahoo ya 1994.*

Hiyo 400 ndiyo inayonitisha. Gawa kwa miaka uone imeruka mara ngapi, tena kwenye joto na unyevu wa Florida. Sifuri.

*Mdau: Naweza kutumia petroli ya sheli?*

O-320 ya farasi 150 ina kompresheni ndogo, na Marekani kuna vibali vya petroli ya gari kwa injini hizo. Kibali ni cha ndege husika, na petroli yenye ethanoli hairuhusiwi. Ya farasi 160 inataka avgas (petroli ya ndege).

*Mdau wa Arusha: Nipunguze kiasi gani kwenye bei?*

Chukua bei ya ndege kama hiyo yenye injini iliyotoka ovahoo, toa gharama ya ovahoo nzima, siyo nusu kama muuzaji atakavyoomba. Kwenye hicho unachotoa, ongeza gharama ya kuishusha injini, kuisafirisha kwenda na kurudi, hosi mpya, raba za kushikia injini, na miezi ya hanga ndege ikiwa haina injini.