Somo: Kupanda deilili nyumbani, kuanzia kiriba hadi kugawa fungu

Kiriba changu cha kwanza (mfuko wa plastiki wenye mche) cha deilili, ua ambalo Waingereza huliita daylily, nilikinunua kando ya barabara hapa Arusha, kikiwa na ua moja la rangi ya chungwa. Usiku ua likasinyaa kama kitambaa kilicholoa. Kesho yake nikarudi kwa muuzaji nimevimba, nikamwambia ameniuzia mche mgonjwa. Akacheka, akaniambia nihesabu matumba. Kumbe ndiyo tabia yake: kila ua huishi siku moja tu, lakini bua moja linaweza kubeba matumba kumi na zaidi, yakapokezana. Hata jina lake la kitaalamu, Hemerocallis, linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya siku na uzuri.

Asili yake ni Uchina, Korea na Japani, na ingawa wauzaji wetu huiita lili tu, si lili halisi. Lili halisi huota kutoka kwenye kitunguu, na majani yake hupangana kwenye shina. Deilili haina kitunguu. Majani hutoka chini kabisa kama nyasi pana, na mizizi yake ni minene. Shikeni hilo, maana watu wengi huifukia kama kitunguu ikaoza, halafu wanalaumu mbegu.

Hatua ya kwanza ni mahali. Tafuta sehemu inayopata jua saa sita kwa siku. Chini ya mparachichi utavuna majani matupu. Chimba shimo la futi moja, kisha mimina ndoo ya maji humo. Yakikaa saa nzima bila kunywea, usipande hapo, au inua tuta. Udongo uliotoka shimoni uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Ile mbichi inaunguza mizizi.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Chana kiriba kwa wembe, usivute mche. Tengeneza kichuguu kidogo cha udongo katikati ya shimo, kalisha mche juu yake na utandaze mizizi pande zote ishuke kama miguu ya buibui. Sasa tafuta shingo, pale weupe wa majani unapokutana na mizizi. Shingo ikae sentimita mbili au tatu chini ya udongo, basi. Mimi napima kwa kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada. Shindilia kwa viganja, mwagilia. Mche hadi mche acha sentimita 45 hadi 60, hata kama leo panaonekana patupu.

Mwezi wa kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki, baadaye mara moja lakini maji yazame. Weka matandazo, ila yasiguse shingo. Mbolea ya dukani weka kidogo mvua zinapoanza. Ukizidisha ya kukuzia, majani yatakuwa ya kijani ya kupendeza, maua utayasikia kwa jirani.

Hatua ya mwisho, baada ya miaka mitatu au minne, ni kugawa. Utaona fungu limebanana na maua yamepungua. Ng'oa fungu zima kwa jembe uma, ukianzia mbali kidogo na shina. Lioshe kwa maji ya bomba hadi udongo wote utoke. Ndipo utaona mizizi ina vinundu kama mihogo ya kuchezea watoto. Shika mashina mawili, yaani vishada viwili vya majani na mizizi yake, yatikise huku ukiyasokota kinyume, yataachana yenyewe kwa mlio mdogo. Yakigoma, tumia kisu. Kila kipande kiwe na shina mbili au tatu na mizizi yake. Kata majani yabaki urefu wa shubiri, acha vidonda vikauke kivulini, kisha panda.

MASWALI YA WANACHAMA

Mbezi, Dar: Dada, huku kwetu joto na mchanga. Itachanua?
Jibu: Itachanua, ila chagua aina isiyopukutisha majani. Zile zinazolala wakati wa baridi zitadhoofika kwako. Ongeza mboji mara kwa mara, na ikiwezekana zipate kivuli cha alasiri.

Limuru: Majani yangu yana vumbi la rangi ya chungwa upande wa chini.
Jibu: Pangusa kwa karatasi nyeupe. Ikichafuka rangi hiyo, ni kutu, ugonjwa wa kuvu. Kata majani yote yaliyoshikwa, yachome, usiyatie kwenye mboji. Mwagilia chini kwenye udongo, asubuhi. Kama ni wadudu wadogo waliojazana kwenye matumba, hao ni vidukari; wapige maji kwa nguvu ya mpira.

Moshi: Nimeona kimche kimeota juu ya bua. Nikikate?
Jibu: Subiri kitoe vijizizi, kisha kikate na kipande cha bua, upande. Kitazaa maua yaleyale ya mama yake, umepata mche wa bure.

Minneapolis, Marekani: Shikamoo. Huku theluji inafunika kila kitu. Ning'oe niingize ndani?
Jibu: Marahaba. Acha ardhini. Tafuta aina iitwayo Stella de Oro, fupi ya manjano, inapenda baridi yenu. Majani yatakufa, chipukizi litarudi baridi ikiisha.

Nakuru: Nimesikia Wachina wanakula matumba yake.
Jibu: Ni kweli, hukaushwa na kutiwa kwenye supu. Lakini si kila aina inafaa, na mche wa kitaluni huenda umepuliziwa dawa. Usijaribu.

Iringa: Nina paka wawili. Kuna shida?
Jibu: Kubwa. Kwa paka ni sumu ya figo: jani, ua, hata chavua anayoilamba manyoyani. Akitafuna, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje atapike. Kwa nyumba yako mimi ningepanda waridi.