Umeshahitimu? Hivi ndo unavyoweza kuendelea kulisaidia tawi lako la jumuiya ya wanafunzi bora

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyesoma Marekani akaalikwa kwenye zile jumuiya za wanafunzi bora zenye majina ya herufi za Kigiriki, yaani Phi Beta Kappa, Phi Kappa Phi, Tau Beta Pi, Psi Chi na wenzao. Sizungumzii zile za udugu ambazo watu wanakaa nyumba moja, nazungumzia zile unazoingia kwa gredi zako. Wengi wetu tulipokelewa, tukasaini kitabu, tukapewa pini na cheti, picha ikatumwa nyumbani kwa wazazi, na habari ikaishia hapo. Mi nimekuwa nikifanya kazi ya kuunganisha wahitimu na tawi la chuo nilichosoma kwa miaka sasa, na nachokiona kila mwaka ni kilekile: wanafunzi hodari wapo wa kutosha, ila hakuna anayekumbuka jambo lilifanywaje mwaka jana. Viongozi wa wanafunzi wanakaa madarakani mwaka mmoja, wanahitimu mwezi wa tano, wanaondoka na kila kitu walichojifunza. Anayebaki ni mlezi, profesa mmoja ambaye ana madarasa yake na utafiti wake na halipwi chochote kwa hii kazi. Kwa hiyo kila nachokwambia hapa chini kipime kwa swali moja, je kinampunguzia mlezi mzigo au kinamwongezea?

Hatua ya 1: Jua we ni mwanachama wa aina gani saa hizi

Usianze na tawi, anza na makao makuu ya jumuiya yako. Ingia kwenye tovuti yao utafute sehemu ya kusasisha taarifa, weka imeili yako binafsi, sio ile ya chuo, manake ile ya chuo vyuo vingi huwa vinaifunga baada ya muda na hapo ndo wahitimu wengi wanapopotea kabisa, tawi linaandika wee linadhani watu wamewapuuza kumbe barua zinaenda kwenye sanduku lililokufa.

Halafu angalia uanachama wako unaendaje. Psi Chi, ile ya saikolojia iliyoanza 1929, unalipa ada mara moja unakuwa mwanachama maisha yako yote. Phi Beta Kappa nayo ni ya maisha, na ndo kongwe kuliko zote, ilianza tarehe 5 Desemba 1776 pale College of William & Mary, Virginia. Lakini Phi Kappa Phi ina ada ya kila mwaka ukitaka kubaki mwanachama hai, na kuna misaada yao ambayo huwezi kuiomba kama uanachama wako umelala. Dakika chache tu hizo, zimalize kabla hujamwandikia mtu yeyote.

Hatua ya 2: Mwandikie mlezi, na mwandikie kwa wakati

Wakati ni muhimu kuliko maneno. Aprili na Mei mlezi ana sherehe ya kupokea wanachama wapya, ana mitihani, ana mahafali, barua yako ya "nipo tayari kusaidia chochote" itasomwa ikasahaulika. Andika mwishoni mwa Agosti au Septemba, muhula ukiwa ndo unaanza na kalenda ya mwaka haijajaa.

Na tafadhali usimwambie uko tayari kwa chochote. Najua ni ukarimu, lakini unampa kazi ya kukaa afikirie akupe nini. Mwandikie kitu cha namna hii:

"Profesa, shikamoo. Mi ni mwanachama wa tawi letu, nilipokelewa nikiwa mwaka wa tatu. Kila mwaka naweza kufanya kitu kimoja, kuwaandikia wanafunzi walioalikwa barua fupi ya kuwaeleza hii jumuiya ni nini, na kujibu maswali yao. Nikikutumia rasimu mwezi wa kwanza, itakufaa? Kama kuna kingine kinachokuumiza kichwa zaidi, niambie, niko radhi kubadilisha."

Kwa Kiingereza shikamoo hiyo itageuka salamu ya kawaida tu, ila mpangilio uwe huohuo: wewe ni nani, unatoa nini, lini, na mlango wa yeye kukataa bila aibu. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili tatu. Kimya kikiendelea, jaribu ofisi ya shughuli za wanafunzi, wakati mwingine mlezi alishastaafu na tovuti bado ina jina lake.

Hatua ya 3: Chagua kazi moja yenye tarehe

Hapa ndo penye nyama, kwa hiyo ntakaa kidogo.

Kazi naipenda kuliko zote ni ile ya barua kwa walioalikwa. Fikiria mwanafunzi ambaye kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu, anapata imeili inamwambia umechaguliwa, lipa ada ujiunge. Anaona ni utapeli. Na hana kosa, sababu utapeli wa namna hiyo upo kweli, kuna makampuni yanatuma mialiko ya "heshima" kwa kila mtu ili yale hela. Matokeo yake mtoto anafuta mwaliko wa kweli, na mwaliko wenyewe haurudi kirahisi, kwa mfano Phi Kappa Phi kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu inaangalia asilimia 7.5 tu ya juu, wa mwaka wa mwisho asilimia 10. Sasa barua kutoka kwa mhitimu, mtu mwenye jina na kazi inayojulikana, inayosema "mwaliko huu ni wa kweli, mlezi ni profesa fulani wa idara fulani, nenda ofisini kwake ukamuulize", inabadilisha mambo. Waeleze pia namna ya kuhakiki wenyewe: jumuiya ina tawi linalotambuliwa na chuo? Kuna mlezi ambaye ni mwalimu wa chuo hichohicho? Ada inasemwa wazi na inalipwa mara ngapi? Kuna pia muungano unaoitwa Association of College Honor Societies, ulioundwa 1925, wenye orodha ya jumuiya zilizokidhi vigezo vyao. Kuwemo humo ni dalili nzuri, ila kutokuwemo pekee yake sio ushahidi wa utapeli, Phi Beta Kappa yenyewe haimo.

Kazi ya pili ni ada. Kwa mwanafunzi anayefanya kazi usiku ili alipe kodi ya nyumba, ada ya kujiunga ni hela ya kweli, na wengi hawasemi kwamba hawana, wanakaa kimya tu halafu tunasema hawakuwa na hamu. Wahitimu wachache mkichanga, mnaweza kulipia kila anayekwama. Lakini sikiliza masharti yangu na naomba uyashike: mwanafunzi aombe kwa mlezi, sio kwako, asiandike insha ya kueleza umaskini wake, na wewe usijue jina lake kabisa. Mlezi akuambie tu mwaka huu tumelipia watu kadhaa, hela iliyobaki ni hii. Pia kwenye ile barua ya mwaliko iwekwe sentensi moja kwamba ada isimzuie mtu, aongee na mlezi. Bila hiyo sentensi mfuko utakaa na hela na wanaouhitaji hawatajua upo.

Kazi ya tatu ni makabidhiano. Hii haina sifa wala picha, lakini ndo inayookoa tawi. Mwezi wa nne, kabla viongozi hawajaondoka, kaa nao saa moja kwa Zoom uwaulize maswali yaleyale kila mwaka: ukumbi uliombwa lini na kwa nani, vyeti na pini viliagizwa lini, vilichukua muda gani kufika, nani ana neno la siri la ukurasa wa tawi, nani anasaini akaunti ya benki, kitu gani kilikwama. Andika majibu, weka kwenye folda ya tawi, folda ambayo mmiliki wake ni akaunti ya tawi au ya mlezi, kamwe isiwe akaunti binafsi ya mwanafunzi. Agosti viongozi wapya wanapoingia unawatumia kiungo unawapigia simu moja. Basi. Tawi lililokuwa linaanza upya kila mwaka linaanza sasa kusonga.

Ukipenda kuongea na wanafunzi, unaweza kuzungumza kwenye sherehe, kupitia sivii zao, kuwafanyisha intavyuu za majaribio. Ni vitu vizuri, ila sikuziweka juu kwa sababu wahitimu wote wanakimbilia hizo. Na ukiombwa kuhutubia, dakika 10 zinatosha sana, siku ile ni ya waliokuja na wazazi wao kusikia majina yao yakisomwa.

Hatua ya 4: Usiombe orodha za wanafunzi

Wahitimu wengi kwa nia njema kabisa wanaandika "nitumie majina na gredi za waliofuzu niwatafute". Haiwezekani. Marekani kuna sheria ya 1974 inaitwa FERPA, inalinda rekodi za masomo za mwanafunzi, na gredi ni sehemu ya hizo rekodi. Msajili wa chuo anampa mlezi orodha ya wanaostahili kwa ajili ya kazi ya kuwaalika, we ni mtu wa nje hata kama ulikuwa rais wa tawi. Njia sahihi ni wewe kuandika ujumbe, mlezi autume, na mwanafunzi anayetaka ndo akutafute.

Hatua ya 5: Hela ipite mlango unaoeleweka

Usimtumie kiongozi wa wanafunzi hela kwenye simu yake, hata kama unamwamini. Uliza mlezi kama kuna akaunti ya tawi ndani ya mfuko wa chuo, vyuo vingi vinayo, unachangia huko ukitaja jina la tawi. Au changia makao makuu ya jumuiya. Sababu za kufanya hivo ni mbili. Kwanza, ili mchango uhesabike kwenye kodi zako lazima mpokeaji awe ni taasisi inayoruhusiwa, mara nyingi yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani cha mashirika ya hisani, na ukitoa dola 250 au zaidi kwa mkupuo unahitaji barua yao ya kukiri wamepokea. Pili, waajiri wengi wana utaratibu wa kuongezea mchango wa mfanyakazi wao, unatoa dola 100 nao wanatoa 100, lakini hawatumi kwenye akaunti ya mtu binafsi. Jaza fomu ya mwajiri wako, watu wengi wanaiacha hiyo hela mezani.

Kuhusu skolashipu ya kudumu, iliyowekezwa, jua hesabu kabla hamjatangaza. Vyuo vingi vinataka kiasi kama dola 25,000 ndo waanzishe, vingine zaidi, na kinachotolewa kila mwaka ni asilimia 4 au 5 hivi. Yaani 25,000 kwa asilimia 4 ni dola 1,000 kwa mwaka. Kama kikundi chenu kina watu wachache, mi naona bora hiyo nguvu iende kwanza kwenye ada na kwenye msaada wa vitabu wa mwaka huuhuu.

Hatua ya 6: Kama uko mbali na chuo

Kuwa mbali sio sababu ya kukaa pembeni. Phi Beta Kappa ina vyama vya wahitimu kwenye miji na majimbo mbalimbali, unajiunga na cha unapoishi hata kama ulipokelewa kwingine. Sigma Tau Delta, ile ya fasihi ya Kiingereza iliyoanza 1924, ina tawi maalumu la wahitimu. Tau Beta Pi ya wahandisi, iliyoanzia Lehigh University 1885, ina wahitimu wa kujitolea wanaosimamia matawi ya ukanda mmoja, na ina programu ya Engineering Futures ambamo wahitimu waliofunzwa wanafundisha wanafunzi mambo ya kuongoza vikao na kufanya kazi kwa timu. Na karibu kila jumuiya inahitaji wasomaji wa maombi ya skolashipu, kazi unayoweza kuifanya ukiwa popote duniani usiku watoto wakishalala. Ulizia makao makuu miezi kadhaa kabla ya dirisha la maombi kufungwa.

Hatua ya 7: Jua mipaka yako, na tafuta wa kukupokea

Vikao ni vya wanafunzi. Ukialikwa kaa, sikiliza, ukiulizwa jibu. Wakiamua jambo ambalo we ungefanya tofauti, waache walifanye, isipokuwa linahusu hela au sheria, hapo mwambie mlezi.

Halafu kila mwaka, siku ya sherehe, omba mlezi aweke karatasi au fomu ya simuni mezani penye vyeti: jina, imeili binafsi, mji anaoelekea, na sehemu ya kuweka tiki "naweza kusaidia tawi". Mwenye kuijaza ajaze kwa hiari yake. Wale walioweka tiki watafute Septemba, mpe mmoja kazi ya barua, mwingine makabidhiano, kaa nao mwaka mzima wa kwanza mkifanya pamoja, mwaka unaofuata waachie.