Dawa zako zikigonga kikomo cha Medicaid

Mfamasia akikwambia Medicaid, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa watu wa kipato cha chini, imekataa kulipia dawa, usiondoke dirishani. Muulize kompyuta imetoa sababu gani, maana kikomo kina sura tatu na kila moja ina suluhisho lake.

Huenda ni wingi. Daktari ameandika vidonge viwili vya miligramu 10 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi, na mpango wa bima unaruhusu 30. Duka la dawa limpigie daktari aulizwe kama kidonge kimoja cha miligramu 20 kitafaa. Usijiamulie mwenyewe: zipo dozi zilizogawanywa asubuhi na jioni kwa makusudi.

Huenda ni tarehe. Daktari akikuongezea dozi maradufu kwa maneno tu bila kuandika, vidonge 30 ulivyokuwa ukimeza kimoja kimoja vinakwisha siku ya 15, na kompyuta inakuona umekuja mapema mno. Daktari aandike cheti kipya cha dawa chenye dozi mpya, mfamasia naye aieleze bima kwamba dozi imebadilika.

Kinachosumbua zaidi ni idadi ya dawa kwa mwezi, ambayo baadhi ya majimbo ya Marekani huiweka. Uliza kwanza zipi hazihesabiwi. Kisha tafuta za kuunganisha: losartani na haidroklorothiazaidi, zote za presha, zinapatikana ndani ya kidonge kimoja, na hapo umeokoa nafasi. Dawa ghali ipitishe kwenye bima. Ya bei nafuu ndiyo ibaki nje ikibidi, uilipie mwenyewe. Kwa mgonjwa aliye chini ya miaka 21, idadi pekee haitoshi kumnyima dawa anayoihitaji kitabibu.

Dawa ikidai idhini ya awali, yaani ruhusa ya bima kabla haijalipia, anayeiomba ni daktari. Ombi liseme ulishajaribu dawa zipi, lini, na zilikufanyaje. "Mgonjwa anaihitaji" peke yake haisaidii kitu. Sheria ya shirikisho inataka jibu ndani ya saa 24, na wakati wa dharura inaruhusu upewe dawa ya kutosha saa 72. Itaje saa hiyo 72 mwenyewe, maana si kila dirisha litakukumbusha.

Ukikataliwa, dai barua na usome tarehe zake. Kama wanakata dawa uliyokuwa ukipata, omba rufaa kabla ya siku ukataji unapoanza, useme wazi kwamba unataka huduma iendelee wakati kesi inasikilizwa. Ukishindwa, wanaweza kukudai gharama ya kipindi hicho.