Kulea Tabia Njema Darasani Bila Kiboko: Hatua Ninazofuata

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mgeni aliyekabidhiwa gredi ya tano katika shule yetu huku Eastlands, Nairobi, darasa ambalo watoto hubanana watatu kwa dawati moja. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ya kimwili au ya kisaikolojia. Kwa hiyo kumwita mtoto mjinga mbele ya wenzake hakuwezi kushika nafasi ya kiboko.

Hatua ya 1: Chagua adili moja. Mtaala wa umilisi, unaolenga kile mtoto anachoweza kufanya, unataja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Shika moja kwa wiki mbili. Mimi huanza na heshima.

Hatua ya 2: Ligeuze liwe tendo. Waulize wanafunzi wenyewe heshima inaonekanaje wakati mwenzao anasoma kwa sauti na kukwama. Majibu yao, kama vile kungoja amalize na kutomcheka, yaandike ubaoni kwa maneno yao.

Hatua ya 3: Lione tendo na ulitaje. Hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa, kwa sababu husema "vizuri sana" mchana kutwa na darasa halibadiliki. Sifa ya jumla haimfundishi mtoto kitu, kwani hajui ni lipi alilolifanya vyema. Mwambie, "Umemwazima mwenzako rula kabla hajaomba, naye amemaliza mchoro wake kwa wakati." Sentensi hiyo ina tendo na ina faida yake kwa mwingine, na vyote viwili ni vya lazima. Usiongeze neno "lakini" baada yake, maana mtoto atakumbuka lile lililofuata na kusahau yote yaliyotangulia. Usimlinganishe na mwenzake pia. Ukisema "mtazameni huyu, si kama nyinyi," umemtafutia maadui wa kumsubiri wakati wa mapumziko.

Angalia umri vilevile. Mtoto wa gredi ya pili hufurahia kusifiwa mbele ya wote, ilhali wa gredi ya sita, hasa yule anayejulikana kwa utundu, huenda akaona haya na kuharibu makusudi ili arudishe jina lake kwa marafiki. Huyo mpitie dawatini unaposahihisha daftari, umwambie kwa sauti ya chini, kisha uendelee na kazi bila kungoja jibu. Na usimsifu kwa jambo ambalo hakulifanya: watoto huutambua uongo wa mwalimu haraka mno, na imani ikishavunjika, sifa za kweli nazo hazitasikika.

Katika darasa kubwa, wapole husahaulika, kwa kuwa hawasumbui wala hawajitokezi. Kwa sababu hiyo mimi hutumia daftari dogo lenye orodha ya majina, na kila nikimtaja mtoto huweka alama pembeni. Ijumaa daftari hilo huonyesha ni nani sijamwona wiki nzima, na Jumatatu huanza na huyo. Chati za nyota ukutani sizipendekezi hata kidogo. Humfanya mtoto atende wema kwa ajili ya nyota, na aliye mwisho wa orodha huaibika kila anapoinua macho.

Hatua ya 4: Akikosea, arekebishe. Mwite kando na umuulize mambo matatu: nini kilitokea, nani ameumia, na atafanya nini kutengeneza. Aliyemwaga uji wa mwenzake apanguse dawati, kisha agawane naye wake. Ikiwa nyote wawili bado mna hasira, ngojeni hadi kipindi kiishe.

Hatua ya 5: Mpigie mzazi simu kwa jambo jema. Wazazi wengi wa mitaa yetu hutoka alfajiri kwenda kazini na hurudi usiku, na simu ya shule wameizoea kwa habari ya makosa au karo. Piga jioni, eleza tendo moja kwa maneno yale yale uliyomwambia mtoto, kisha kata simu bila kuingiza deni la pesa za chakula. Hilo lina siku yake.