Namna ya Kumhudumia Mgonjwa Mwenye Ulemavu Ili Aimiliki Afya Yake

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila watu sita, wana ulemavu mkubwa, na kwamba baadhi yao hufariki hadi miaka 20 mapema kuliko wasio na ulemavu. Sehemu ya pengo hilo hutokana na jinsi wanavyopokewa wanapokuja kutibiwa, na hapo ndipo kituo chochote cha afya kinapoweza kuanza.

Kabla ya kununua chochote, waombe watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali wakikague kituo, wakipita kote anakopita mgonjwa tangu langoni hadi dirisha la dawa, na muwalipe kama mnavyomlipa mtaalamu mwingine. Njia ya mteremko inahitaji angalau sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, lakini haina faida ikiwa kiti mwendo hakipiti kwenye mlango wa choo. Iwepo pia mizani ya kumpima mtu akiwa ameketi, kwa kuwa dozi za dawa kadhaa hukokotolewa kwa uzito na kukisia ni hatari.

Kazi ngumu zaidi imo ndani ya chumba cha daktari. Zungumza na mgonjwa mwenyewe, si aliyemsindikiza, hata pale msindikizaji anapojibu haraka zaidi. Kwa kiziwi, tafuta mkalimani wa lugha ya alama, umtazame mgonjwa badala ya mkalimani, na usimtwike mtoto wake kazi ya kutafsiri habari za ugonjwa wa mzazi. Asiyeona mweleze utakachofanya kabla ya kumgusa. Mwenye ulemavu wa akili mpe sentensi fupi, picha na muda wa kutosha, kisha umwombe akueleze alichoelewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 25, unataka matibabu yatolewe kwa ridhaa huru ya mgonjwa aliyeelezwa, na unataja waziwazi afya ya uzazi. Kwa hiyo ombi la ndugu kwamba binti yao afungwe kizazi haliwezi kuchukua nafasi ya kauli yake. Jihadhari pia na kila dalili kuhusishwa na ulemavu: mtu aliyepooza naye hupata saratani, kisukari na msongo wa mawazo.

Elimu ya kujitunza impe mgonjwa kwanza, msaidizi afuate. Chukua mfano wa vidonda vya mgandamizo, yaani vidonda vya ngozi vinavyotokana na kukaa au kulala muda mrefu bila kugeuka, ambavyo huweza kuua vikipata maambukizi. Anayetumia kiti mwendo ajiinue au aegemee upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila siku akague makalio, nyonga na visigino kwa kioo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, kwa hiyo afundishwe kupapasa akitafuta joto, ugumu au uvimbe; asiyehisi mikononi amwelekeze msaidizi mahali pa kugusa.

Anapoondoka, maelekezo ya dawa na tarehe ya kurudi yawe katika namna anayoweza kuitumia bila kusomewa na mwingine: nukta nundu, maandishi makubwa, picha au sauti iliyorekodiwa kwenye simu yake.